Mguu wa Kulia wa Mama Consolate

Neno la kumuaga, limeandikwa na Arnaud wa ghorofani kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Auto-École Thabit na Binti

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Consolate Ntirandekura anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi katika shule yetu ya udereva hapa Zone Industrielle, mtaa wa viwanda wa Bujumbura. Aliingia mwaka 1997, nchi ikiwa chini ya vikwazo na petroli ikitafutwa kwa udi na uvumba. Anatoka mwaka huu, na petroli bado inatafutwa kwa udi na uvumba. Kati ya udi ule na uvumba huu amefundisha nusu ya mji kuendesha gari, na nusu nyingine ameirudisha nyumbani ikajifikirie kwanza.

Bi Ghanima, mkurugenzi wetu, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi aliyekaa na Mama Consolate muda mrefu kuliko wote. Ni kweli. Wenzangu walikaa miezi michache, wakapata leseni, wakaenda zao. Mimi nilianguka mtihani, nikaanguka tena, nikaanguka mara ya tatu kwa namna ambayo msimamizi aliteremka garini akaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo nikaajiriwa. Sijui kampuni nyingine inayochagua wafanyakazi wake kwa utaratibu huo, lakini sikulalamika, na nawasihi wenzangu nao wasilalamike leo mbele ya wageni.

Shule hii ilianzishwa na marehemu Mzee Thabit, baba yake Bi Ghanima, Mungu amrehemu. Alikuwa muuza vipuri, kutoka familia ya Kiarabu iliyofanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu zake. Siku moja aligundua kwamba wateja wake walewale wanarudi kununua taa zilezile za mbele kila baada ya wiki chache. Akaona achague moja: awauzie taa mpaka afe, au awafundishe kushika usukani. Akachagua la pili, akatangaza kwamba anatafuta mwalimu mpole, mwenye sauti ya chini na moyo wa subira. Akaja Mama Consolate, na tangazo likabanduliwa ukutani.

Kwa msiojua, gari la shule ya udereva lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, na ya pili iko upande wa mwalimu, chini ya mguu wake wa kulia, ili mwanafunzi akipotewa na akili mwalimu awe bado anayo yake. Walimu wengine huikanyaga pedali ile wakati wa hatari. Mama Consolate aliweka mguu wake pale asubuhi ya kwanza ya mwaka 1997, na kusema kweli sina ushahidi kwamba aliwahi kuuondoa. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kinaisha zamani kabla ya cha kushoto. Idi, fundi wetu, mtoto wa Buyenzi asiyekubali kutupa kitu, alikuwa akimbandikia soli ya mpira wa tairi upande mmoja tu, ndiyo maana hata leo Mama akitembea kwenye sakafu ya simenti mnamsikia kwanza kwa mguu mmoja.

Matunda ya mguu huo yanajulikana. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kugonga kitu akiwa naye. Hakuna mtu, hakuna ukuta, hakuna hata mbuzi, na mbuzi wa mji huu mnawajua. Alikuja mfanyabiashara mmoja mkubwa wa vitambaa, jina lake namsitiria, akatamka wazi akiwa bado hajafunga mkanda: "Mi sipokeake amri ya mwanamuke." Kila bwana yule alipokanyaga mafuta, Mama Consolate alikanyaga breki. Wakatoka getini hadi kwenye mzunguko wa barabara kwa kurukaruka kama chura, watu wakisimama kuwapigia makofi. Kabla ya adhuhuri bwana yule alikuwa anamwita "Mama", na baadaye aliwaleta wanawe wote.

Mwaka 2019 Mzee Thabit aliugua. Karibu na mwisho alimwita Mama Consolate nyumbani kwake, akamwambia mbele ya Bi Ghanima: "Consolate, mi naenda. Huu mulango wa shule usifungwe na we uko ndani." Mama akaitikia. Watu wengi huitikia maneno ya mgonjwa ili apumzike roho, kisha maisha huendelea. Mama Consolate si wa namna hiyo. Tangu siku ile alikuwa na haja moja tu katika kazi yake, nayo ni kutoka siku ya kustaafu akiacha geti liko wazi nyuma yake.

Halafu mafuta yakaisha mjini.

Mliokuwepo mnakumbuka. Magari ya shule yaliegeshwa uani mpaka kuku wa jirani wakaanza kutaga chini ya pikapu. Wanafunzi walikuwa wakija, wanakaa ndani ya gari lililozimwa, wanazungusha usukani na kuunguruma kwa midomo, huku Mama Consolate kakaa kando yao, mguu juu ya breki, akisimamisha gari ambalo halijatoka. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta Kamenge, nimeshaanguka mtihani wa udereva mara hizo tatu, na naona aibu kurudi nyumbani Gihosha ambako baba alikuwa amekwishawaambia majirani kwamba mwanawe ni dereva. Nikapendekeza tutengeneze mchezo wa simu ili wanafunzi wajifunze bila petroli. Bi Ghanima akakubali palepale. Mfa maji haachi kutapatapa.

Tulisafisha chumba cha ghorofani cha bohari hili la shule, nikaanza kazi. Mchezo ulikusudiwa kufundisha kuegesha gari na kuheshimu alama za barabarani. Ndani ya muda mfupi hakuna mwanafunzi aliyekuwa anaegesha chochote. Walikuwa wanashindana nani atafika wa kwanza, na ngazi zilijaa watu wanaosubiri zamu. Bi Ghanima, ambaye ni mtoto wa mfanyabiashara na hahitaji kuambiwa kitu mara mbili, aliangalia ile foleni akasema: "Arnaud, wacha mambo ya parking. Fanya course." Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Panda Shuka, mchezo wa mbio za magari kutoka Kamenge, kupanda hadi Gihosha, na kushuka hadi ziwani. Tukawa shule ya udereva inayotengeneza mchezo wa kukimbiza magari. Ni kama zahanati kufungua baa kwenye ua wake, lakini njaa haina haya.

Sasa niwaeleze kazi ambayo Mama Consolate atakumbukwa kwayo, maana wengi wenu mnadhani alikuwa anapanda ghorofani kunywa chai yangu. Mchezo wa mbio haupendwi kwa rangi za magari. Unapendwa au unatupwa kwa jambo moja dogo: ukigusa mafuta, nguvu ya injini inafikaje kwenye magurudumu? Ikija yote kwa pamoja, gari linateleza na kugeuka. Ikichelewa, mchezaji anasinzia. Inatakiwa ianze kwa adabu, ishike katikati, na ichoke mwishoni, na kila gari liwe na tabia yake. Kwenye kompyuta yangu jambo hilo ni mstari wenye nukta nyingi. Unaanzia injini inapozunguka polepole hadi inapopiga kelele, na kila nukta inasema hapo itoke nguvu kiasi gani. Kupanda kuna mstari wake, na kushuka kuna wake.

Mimi nilizipandisha nukta zote hadi juu kabisa, kama mtu anayejipakulia harusini asiyejua kama kuna awamu ya pili. Niliona ndiyo mbio. Ukigusa mafuta, gari liliruka, likazunguka, likasimama linatazama lilikotoka. Kusema kweli ndivyo ninavyoendesha hata gari la kweli, kwa hiyo sikuona kasoro.

Mama Consolate aliitwa aje kutoa maoni. Akakaa kando yangu, akatazama ukutani tulikokuwa tunarusha picha, akasema: "Hii gari haina mwenyewe." Chini ya meza mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu kwa nguvu mpaka vikombe vinacheza. Idi ndiye aliyeona. Kesho yake alikuja na pedali kuukuu ya breki ya gari lililokwishakufa, akaichomelea kwenye bamba la chuma na kuisukuma chini ya meza. Haikuunganishwa na kitu chochote, ila kuanzia siku hiyo Mama Consolate aliweza kufikiri.

Tukapata utaratibu wetu wa kazi. Mimi nacheza, yeye anakaa upande wa mwalimu, macho ukutani. Mguu wake ukibonyeza kidogo, nasimama, nashusha nukta ya mahali pale kidogo. Ukibonyeza sana, nashusha sana. Tuliita njia ya mguu. Hakuna shule inayofundisha hivyo, na nikieleza kwa wenzangu niliosoma nao wananiuliza kama nakula vizuri. Lakini ilileta matunda. Teksi ya zamani ikapata kikohozi chake cha asubuhi kabla ya kushika kasi. Basi dogo likawa linaitika kwa kuchelewa, mithili ya mtu aliyeamshwa usingizini, kisha likishaamka halishikiki. Wanafunzi walicheza wakasema haya ni magari, si vibandiko.

Kasoro tulichelewa kuiona. Mguu wa Mama Consolate ulikuwa unajua neno moja tu. Ulisema "punguza". Haukuwahi kusema "ongeza", kwa sababu tangu mwaka 1997 haukuwa umepewa kazi hiyo. Kila wiki magari yakapungua nguvu. Wiki moja teksi ilipitwa na baiskeli ya ndizi kwenye mlima wa Gihosha. Wiki iliyofuata ilipitwa na mama mwenye beseni. Tena Mama alidai kwamba mchezaji anayempita mwenzake bila kuwasha taa ya kugeuka apunguziwe nguvu ya injini, na mimi nikaliandika hilo bila ubishi. Wengine husema nilikubaliana na hoja yake. Mimi nilimwogopa. Idi alituangalia kwa siku kadhaa, kisha akauliza kama haingekuwa rahisi kuitoa injini kabisa na kufunga ng'ombe.

Hali ilikuwa hivyo mwaka juzi Bi Ghanima alipotuita uani na kutueleza mambo yalivyo. Shule haina tena pumzi. Amempata Bi Nsimire wa Bukavu, anayefanya kazi na kampuni inayosambaza michezo ya simu, na anakuja kuujaribu Panda Shuka. Akiuchukua, tunaendelea. Asipouchukua, geti linafungwa mwisho wa mwezi. Sote tulimtazama Mama Consolate. Yeye alikuwa analitazama geti.

Bi Nsimire alifika siku ya Ijumaa, mwanamke mchangamfu mwenye miwani na kicheko cha karibu. Tulimketisha kwenye kiti kizuri, ambacho tulikiazima. Alianza kupanda mlima. Alipanda. Aliendelea kupanda. Akapiga mwayo, akauficha kwa mkono kwa heshima, akaendelea kupanda. Hatimaye akafika juu Gihosha, na hapo ndipo ulipotukuta msiba wetu.

Lazima nieleze jambo moja ambalo mtu wa hapa halielezi, kwa sababu kwake ni kama kupumua. Katika miaka hii ya kukosa mafuta, hakuna mtu wa Bujumbura anayekanyaga mafuta akiwa anashuka. Ukifika kileleni unatoa gia, unauachia mlima ukupeleke. Kukanyaga mafuta kwenye mteremko ni kama kuwasha jiko ili upashe chai ambayo bado inaunguza ulimi. Tulikuwa tumeucheza ule mchezo kwa miezi, mimi, Bi Ghanima, Idi na wanafunzi wote, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kugusa mafuta kwenye mteremko. Tulikuwa tunabana petroli ambayo haipo, ndani ya gari ambalo halipo. Kwa kuwa hatukugusa mafuta, mguu wa Mama haukubonyeza. Kwa kuwa mguu haukubonyeza, mimi sikushusha nukta hata moja. Mteremko wote ulikuwa umebaki kama nilivyouacha siku ya kwanza, sahani ya harusi hadi juu.

Bi Nsimire si mtu wa Bujumbura. Alifika kileleni, akakanyaga.

Gari liliondoka. Sina neno jingine. Liliiacha barabara, likapita juu ya mapaa ya mji, likapita juu ya bandari na mabohari, pamoja na bohari hili tulimo, likaenda kutua ziwani mbali na ufuko. Chini ya meza ikasikika sauti moja ya chuma, ka! Mguu wa Mama Consolate ulikuwa umeing'oa pedali kutoka kwenye bamba.

Bi Nsimire alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kujifuta machozi akasema kwa upole, na upole ndio uliouma: "Kupanda ni matanga, kushuka ni avion, ndege kabisa. Mi narudia Bukavu Lundi. Kama mukitengeneza, muniite nione." Akashukuru kwa soda, akaondoka, akituachia siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu.

Wengine walishuka ngazi. Mama Consolate alibaki kwenye kiti chake, ameipakata ile pedali. Nilimzoea mama huyu akinifokea, akiniita jina la ukoo wangu wote nikikosea kona. Siku hiyo alisema taratibu: "Huu muguu unajua kusimamisha tu." Kisha akatazama getini kupitia dirishani. Niliumia sana, na ningependa kusema nilimpa neno la faraja. Nilimpa chai, na ilikuwa imepoa.

Jumapili baada ya misa alitokea shuleni amevaa kitenge chake cha kanisani. Kulikuwa na jerikani moja ya petroli ambayo Idi alikuwa anaitunza kwa ajili ya mtihani wa wanafunzi wa mwisho, na alikuwa anailinda kuliko alivyowahi kulinda shati lake. Mama akamwambia aimimine kwenye pikapu. Idi akagoma. Wakapelekana kwa Bi Ghanima, naye akafikiri kidogo akasema: "Kama mulango unafungwa, mutihani wa nini? Mimina." Idi akamimina kwa uso wa mtu anayezika.

Tulipanda hadi Gihosha, mimi kwenye usukani kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika zile nukta, Mama kwenye kiti cha mwalimu, Idi nyuma. Juu kabisa Mama akaniambia nisimame. Akavua kiatu cha kulia, kile chenye soli ya tairi. Akavua na cha kushoto. Kisha akaikunja miguu yake yote miwili juu ya kiti, akaketi kama mtu anayetaka kuchagua maharage. Pedali ya mwalimu ikabaki pale chini peke yake. Nilipoiona imekaa bila mguu, nikakaza mkanda wangu tena. Nyuma yangu Idi alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kusikika.

Mama akaweka mkono wake begani kwangu. "Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Kwanza nilifanya ninavyojua, nguvu zote kwa mkupuo, na mkono ukanifinya mpaka nikaona nyota. "Usiitupie injini muzigo yote! Mupe kidogo... kidogo... sasa mupe!" Nikampa. Mkono ukalegea, kisha ukanisukuma begani, kama mtu anayemsukuma mtoto aende kusalimia wageni. Huo ulikuwa ndio ule "ongeza" ambao mguu haukuwahi kuusema. Barabara ilikuwa tupu kwa kuwa mji mzima hauna petroli, mafuta yanaitika chini ya kiatu changu, upepo unaingia, na katikati ya kona ya pili nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka yote ile. Mama Consolate alikuwa anacheka. Hakuwa ananicheka mimi, ingawa sababu zilikuwepo. Alikuwa anafurahia gari.

Tulipofika chini jasho lilikuwa limenilowesha shati. Nikamuuliza Idi tumepiga spidi gani. Alikuwa amechungulia mita mara mbili tu njiani, maana alifumba macho, akasema ilipofika mwisho ilikuwa hamsini. Hamsini! Mtu wa Bukavu angeita huko ni kuegesha. Sisi watatu tulikuwa tunatazamana kama tumetoka mwezini, na petroli ikatuishia kabla ya kufika Zone Industrielle. Tukasukuma, mimi na Idi, Mama akiwa kwenye usukani pekupeku na kitenge cha kanisani, akitukaripia kwamba tunasukuma upande mmoja.

Mchana huo tulikaa ghorofani tukaanza upya. Idi aliichomelea pedali tena. Mguu uliendelea kusema "punguza", na mkono wake begani kwangu ukasema "ongeza", na kwa mara ya kwanza mchezo ukawa na mwalimu mzima. Tulizipandisha nukta za mlimani, kupanda kukapata moyo. Kwenye mteremko tukazishusha nukta zangu za harusini, nguvu ikawa inaanza taratibu, inashika katikati, kisha inaachia kabla ya kona, ili dereva apate nafasi ya kukumbuka kwamba ana watoto.

Jumatatu Bi Nsimire alirudi, na safari hii hakupiga mwayo. Alipofika juu Gihosha alikanyaga. Hakucheka. Aliinamia upande wa kona kwa mwili wake wote, bega lake likagusa bega la Bi Ghanima, naye hakujua. Mchezaji akiinama na gari, mchezo umemshika. Nilitaka kushangilia, nikaona Mama Consolate ananitazama, nikakohoa badala yake.

Mchezo ulichukuliwa, na leo unachezwa Bukavu, Uvira, Kigoma na kwingineko ambako hatujafika. Bi Nsimire aliomba jambo moja tu, kwamba ile adhabu ya kutowasha taa ya kugeuka iondolewe. Mama alikataa katakata. Bado ipo, na ndiyo wachezaji wanayotutukania zaidi kwenye maoni yao, wengine kwa lugha ambazo tumelazimika kutafsiriwa. Hatukutajirika. Kiti changu bado kimeegemea tofali. Lakini wanafunzi wanaanzia ghorofani kwenye simu, na petroli ikipatikana wanashuka uani kwenye magari, na kuku wa jirani wametafuta mahali pengine pa kutagia.

Kuanzia wiki ijayo nukta zote zitakuwa mikononi mwangu peke yangu. Nawaombea wachezaji. Mama amenifundisha kila kitu, ila begani hakutakuwa na mkono, na mimi mwenyewe mnanijua.

Agosti mwaka huu nilifanya mtihani wa udereva kwa mara ya nne. Mwalimu haruhusiwi kuingia garini siku ya mtihani, kwa hiyo Mama Consolate alisimama getini akanisubiri. Nilipita. Msimamizi hakuomba maji. Idi, aliyekuwa amesimama naye, anasema kwamba muda wote niliokuwa barabarani mguu wa kulia wa Mama ulikuwa unakanyaga udongo, na kwamba alichimba shimo. Shimo bado lipo. Mkipita getini tazameni chini.

Kwa niaba ya wafanyakazi, tunakushukuru, Mama Consolate. Ulimwahidi Mzee Thabit kwamba mlango huu hautafungwa nawe ukiwa ndani. Leo unatoka, na hautafungwa hata nyuma yako. Tumelifungua geti tangu asubuhi, pande zote mbili, na Bi Ghanima amekataza mtu yeyote kuligusa mpaka upite.

Baada ya hotuba, gari la shule litakupeleka nyumbani Kamenge. Petroli tumeichanga, na dereva ni mimi. Jana Bi Ghanima alikuonyesha kiti chako cha mbele, kile cha miaka yote, kimetandikwa kitambaa kipya. Ukasema: "Apana, mi nitakaa nyuma." Kila mtu katika shule hii anajua kwamba nyuma hakuna pedali. Nilishuka kwenda chooni, nikakaa huko kidogo, na hiyo ndiyo habari yote nitakayowapa juu ya jambo hilo.

Basi nenda kwa amani, Mama yetu, Mungu akupe miaka mingi yenye afya na barabara tupu. Nitawasha taa kila kona, nitampa injini kidogo kidogo, na kwenye mteremko nitakanyaga kama ulivyonifundisha. Nafasi huko nyuma ni kubwa. Nyoosha miguu.